Kwenye Faili la Hospitali, Nilikuwa Nimeshazaa

Sindano ilikuwa imeshavutwa dawa.

Nimelala kitandani, gauni la kijani la hospitali limefungwa kwa nyuma, pamba ya spiriti imeshapita kwenye mkono wangu. Zilibaki dakika chache nisukumwe kwenye chumba cha upasuaji, nikatolewe uvimbe kwenye kizazi.

"Sista, hiyo ni dawa gani?"

Niliuliza tu. Mimi ni mtu wa kuuliza.

"Penisilini. Ya kukukinga na maambukizi."

Nikauvuta mkono kama nimeguswa na pasi ya moto.

"Mimi sichomwi penisilini. Niliwahi kuchomwa nikiwa mdogo, koo likavimba likaziba. Nilikaa siku mbili sijitambui."

Nesi akashusha sindano taratibu. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akaivaa, akafungua faili langu.

"Mbona hapa ulichomwa hiyohiyo na hukupata tatizo lolote?"

"Nilichomwa lini?"

"Ulipokuja kujifungua."

...

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kujifungua nini, Sista?"

"Mtoto wa kike. Kilo tatu na gramu mia mbili. Kwa upasuaji, hapahapa kwetu, miaka mitatu iliyopita."

Jamani, naomba mnielewe. Wakati huo nilikuwa na miaka minane kwenye ndoa na sijawahi kubeba mimba hata ya wiki moja. Ndiyo sababu nilikuwa kwenye kile kitanda. Uvimbe ule ndio uliokuwa unanizuia, na nilikuwa nimeusubiria upasuaji huo kama mtu anavyosubiri mvua.

"Sista, mimi sijazaa."

Akanitazama. Akasoma jina langu kwa sauti, majina yote matatu. Akasoma tarehe yangu ya kuzaliwa. Akasoma namba ya kitambulisho.

Vyote vyangu.

"Kundi lako la damu?"

"O."

"Hapa pameandikwa B."

Akaweka faili chini, akainua gauni langu bila hata kuomba ruhusa, akatazama chini ya kitovu. Akapapasa kwa vidole viwili.

"Kovu liko wapi?"

Hapakuwa na kovu. Tumbo langu lilikuwa laini kama siku niliyozaliwa.

Yule mama akavua miwani. Akatoka haraka. Akarudi na daktari, na daktari akasoma faili akiwa amesimama, kisha akakaa pembeni ya kitanda akasoma tena.

"Mama, siku ile kliniki uliniambia habari ya penisilini, na niliandika. Lakini leo asubuhi masijala wamepata faili la zamani lenye jina lako, wakaunganisha. Karatasi yangu ikawa chini, ya zamani ikawa juu." Akavuta pumzi. "Leo sikupasui. Sipasui mtu ambaye sijui ni nani."

Hebu fikiria kuambiwa hivyo, nawe umelala uchi ndani ya gauni la kamba.

---

Kabla sijaendelea, nijitambulishe kidogo.

Nina kibanda cha stesheneri mkabala na ofisi za serikali. Mashine moja ya kopi, kompyuta moja, kiti kimoja cha wateja chenye mguu mfupi. Watu huniita Mama Kopi. Wengine walipogundua sina mtoto waliona haya kuniita hivyo, nikawaambia endeleeni tu, kopi zote hizi ni wanangu.

Nilikuwa nacheka. Moyoni najua mwenyewe.

Kazi yangu ni vitambulisho vya watu. Asubuhi hadi jioni napiga kopi vitambulisho, vyeti, hati. Mtu akisahau chake juu ya kioo cha mashine, namkimbilia barabarani. Siwezi kuhesabu niliowaambia, "Baba, hiki usikiache ovyo, hiki ndicho wewe." Ni wengi.

Ya wenzangu nilikuwa nayaona, yangu siyaoni...

Mume wangu ni fundi umeme kwenye kiwanda cha mabati. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Kazini kwake walimpa bima ya afya, na mimi kama mke nikapata kadi. Kadi yangu ilikaa kabatini kwenye bahasha, kwa sababu mimi homa zangu natibiwa kwenye zahanati ya jirani. Ile hospitali kubwa sikuwahi kukanyaga mpaka nilipoandikiwa rufaa ya upasuaji.

Siku ile mume wangu alikuwa nje kwenye korido, kaupakata mkoba wangu na viatu vyangu.

Nesi aliniletea faili nilione mwenyewe. Alikuwa hatakiwi, nadhani. Lakini alinionea huruma.

Ukurasa wa kwanza, kopi ya kitambulisho changu. Upande wa kushoto wa kopi kuna mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka juu hadi chini.

Mstari ule naujua. Mashine yangu ilikuwa na ugonjwa huo mwaka ule, nimehangaika nao mpaka nikabadilisha roli. Kopi ile ilikuwa imetoka kibandani kwangu.

Ukurasa wa tatu, fomu ya ridhaa ya upasuaji.

Chini kabisa: sahihi ya mume.

Na sahihi ilikuwa ya mume wangu. Ile herufi ya mwisho anayoizungusha kama waya. Sihitaji mtaalamu.

Nikamwita aingie.

"Hii sahihi ni ya nani?"

Akaitazama. Akatazama sakafu. Viatu vyangu vikamdondoka mkononi, kimoja kimoja.

"Ni yangu."

"Nani alizaa kwa jina langu?"

Akainama kuviokota.

"Una mtoto nje ya ndoa?"

"Sina."

"Basi nani alizaa?"

"Mke wangu... siwezi kusema. Niliapa."

Jamani. Mwanaume anasimama mbele yako, sahihi yake iko mezani, mtoto ana kilo tatu na gramu mia mbili, halafu anakwambia aliapa.

Sikumpiga. Sikupiga kelele. Nilivaa nguo zangu, nikavaa viatu, nikachukua mkoba, nikamwambia nesi ahsante.

Nilikwenda kwa mama.

---

Mama anaishi na mjukuu wa ukoo, katoto ka kike tunakokaita Bibi, kwa vile kanavyotembea kaweka mikono nyuma kama bibi kizee. Tulivyoambiwa, ni mtoto wa binamu yetu mmoja wa kiume aliyekwenda kutafuta maisha mbali, na mama wa mtoto alimkimbia. Mama akajitolea kulea.

Mimi nilikapenda kale katoto. Kila mwezi nilikapelekea kitu. Viatu, fulana, penseli za rangi. Kananiita Shangazi.

Nilifika nimevimba macho. Mama akanikalisha, akanivua viatu kama mtoto mdogo.

Nikamweleza yote. Sindano. Faili. Sahihi.

Mama akanikumbatia.

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu."

"Mama, amezaa nje kwa jina langu. Kwa jina langu, mama."

"Pole. Pumzika hapa. Huyo usimpokelee hata simu."

"Nilimwamini."

"Ndiyo maana wakubwa walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Huku ananipangusa machozi kwa kanga yake.

Nilikaa pale siku tatu. Mume wangu alipiga, sikupokea. Alikuja hadi mlangoni, mama akatoka akamfukuza. Mimi nilikuwa dirishani nikasikia mama anamwambia, "Umemuua mwanangu, nenda zako."

Na yule mwanaume hakujibu kitu. Alimwangalia tu mama, muda mrefu, kama mtu anayesubiri neno fulani. Neno lisipokuja, akageuka akaondoka.

Nilishangaa kidogo jinsi alivyomtazama. Halafu hasira ikafunika.

Siku ya nne asubuhi Bibi aliamka ana homa. Mama alikuwa bafuni anafua.

"Mpeleke zahanati," akaniambia kupitia ukutani. "Ana joto sana?"

"Anaungua."

"Basi mvalishe, twende. Mimi namalizia."

Nikamvalisha. Nikajua zahanati watataka kadi ya kliniki. Nikafungua droo ya kabati la mama, nikapekua. Risiti, picha za zamani, vifungo. Chini kabisa, kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni.

Nilikuwa naiweka tu kwenye mkoba. Macho yakapita juu juu.

Uzito wa kuzaliwa: kilo 3.2.

Nikasimama.

Nikaisoma tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa tarehe ileile ya kwenye faili. Siku ileile. Hospitali ileile.

Jina la mama: langu.

Majina yote matatu, kwa wino wa bluu.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ananing'iniza miguu, macho mekundu kwa homa.

"Shangazi, twende?"

Mama akaingia, mikono imejaa povu. Akaniona. Akaiona kadi. Povu likawa linadondoka sakafuni, tone, tone.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

Akakaa chini pale pale mlangoni, kwenye sakafu yenye maji.

"Ni wa Kitinda."

---

Kitinda ni mdogo wangu. Kitinda mimba wa mama, jina likamganda. Tumepishana miaka sita lakini tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Watu wakimwona mjini humwamkia wakidhani ni mimi.

Mnakumbuka niliwaambia mimi ni mtu wa kuuliza? Mwaka ule sikuuliza. Niliambiwa Kitinda kaenda kusomea ususi mji mwingine, miezi minane. Nikamtumia nauli. Nikamnunulia begi.

Kumbe alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma, kwa mama, tumbo linakua.

Kwanza tulimpeleka mtoto zahanati. Homa haingoji kesi za watu wazima. Tulikaa kwenye benchi moja, mimi na mama, mtoto katikati, hatusemeshani. Nesi akaita jina la mama wa mtoto.

Akaita jina langu.

Nikainuka. Ningefanya nini?

Jioni ya siku hiyo Kitinda akaitwa. Akaja na nywele zimesukwa nusu, maana alikuwa na wiki tatu tu kabla ya harusi yake. Alipoiona kadi mezani, akajua.

"Dada, nilikuwa nakufa," akasema.

"Ungeniambia ningekupeleka mwenyewe."

"Ungenisema."

"Ningekusema, halafu ningekupeleka."

Akaanza kulia. Mama akaingilia.

"Damu ilikuwa inamtoka. Hospitali ya karibu wakasema hawamwezi, apelekwe kubwa. Kule bila bima unasubiri. Nikampigia mumeo kazini. Nikamwambia lete kadi ya mkeo haraka. Alikataa. Akasema nikupigie wewe mwenyewe nikuombe. Nikamwambia tukianza kumpigia mkeo, huyu atakufa mlangoni, na damu yake utaijibu wewe."

"Na kopi ya kitambulisho changu?"

Mama akaangalia pembeni.

"Nilikuwa nayo tayari."

Na hapo nikakumbuka. Miezi miwili kabla ya hiyo tarehe, mama alikuja kibandani. Akasema kikundi chao cha akina mama kinataka wadhamini. Nikampigia kopi mbili za kitambulisho changu, kwa mkono wangu, kwenye mashine yangu. Nikampa na soda. Nikamtania, "Mama, usiniuze tu."

Akacheka. Tulicheka wote.

Kwa hiyo mume wangu alishtukizwa. Mama alikuwa amepanga.

"Kwa nini usiniambie, mama? Hata baadaye?"

"Wewe kila mwezi ulikuwa unakuja hapa kulia kwamba hujapata. Ningekwambiaje kwamba mdogo wako kapata bila kutafuta? Nilikuwa nataka kumwokoa mwanangu."

"Mwanao yupi? Ulikuwa nao wawili."

Akaanza kukunja kona ya kanga yake.

"Juzi sindano ilikuwa imeshafika mkononi kwangu, mama. Ningechomwa penisilini kwa sababu Kitinda haimdhuru. Na ulinikumbatia. Ulinipangusa machozi ukanambia kikulacho ki nguoni mwako."

Mama akafunika uso kwa kanga.

Watu watatu walijua. Mama, mdogo wangu, mume wangu. Nilikula nao meza moja miaka mitatu, nikampakata yule mtoto, nikamfunga kamba za viatu nilivyonunua mimi. Jina ni langu, na mimi pekee ndiye sikujua lilipo.

---

Nilirudi nyumbani kesho yake. Mume wangu alikuwa kwenye ngazi ya mlango, anatengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

"Mama amesema," nikamwambia.

Akaweka bisibisi chini. Mabega yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kwa nini ulikubali niamini una mtoto nje?"

"Niliona bora unichukie mimi kuliko umchukie mama yako. Mume unaweza kupata mwingine."

"Hukuombwa unichagulie."

"Najua."

"Ulisaini kwamba huyo ni mkeo."

"Nilisaini. Na tangu siku hiyo, kila ukiumwa kichwa tu, mimi naogopa."

Sikumsamehe siku ile. Lakini niliingia ndani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopimwa.

Baada ya siku mbili mama akaja, na Kitinda, na mjomba wetu mmoja wa kusawazisha mambo. Mjomba akakohoa, akaanza.

"Mwanangu, maji yameshamwagika. Lakini Mungu naye ana namna zake. Mtoto yupo. Karatasi zinasema ni wako. Cheti cha kuzaliwa kinasema ni wako. Na wewe... umetafuta miaka minane."

Mama akamalizia, kwa sauti ndogo:

"Mchukue. Awe wako kweli. Kitinda aolewe kwa amani, mkwe hajui kama aliwahi kuzaa. Hakuna haja ya kufuta chochote."

Kitinda alikuwa anaangalia vidole vyake.

Nikamtazama mume wangu. Machoni mwake niliona kwamba wazo lile lilishampitia. Labda miaka mitatu nzima.

Nitasema ukweli, maana naandika yaliyotokea. Nilitamani. Nilishaona kitanda chake kidogo kinakaa wapi, upande wa dirishani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Nikaomba dakika chache nikaenda nyuma ya nyumba. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Nikafikiria: siku kale katoto kakiumia, daktari atauliza damu ya mama. Watavuta yangu. Wataniuliza magonjwa ya ukoo wa baba yake, nitabuni. Kakikua kakiuliza ulinizaa lini, nitataja tarehe ambayo mimi nilikuwa kibandani napiga kopi. Kitu walichonifanyia mimi, nitakuwa nakifanya kwa mtoto, tena kwa maisha yake yote.

Nikarudi ndani.

"Mtoto nampenda," nikasema. "Lakini sitamwibia mama yake kwa sababu mimi niliibiwa jina. Kitinda, kesho kutwa tunakwenda hospitali. Utasema ni wewe."

"Dada, harusi yangu..."

"Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na faili."

Mjomba akanyanyuka akachukua kofia yake. Mama akaniambia neno ambalo sitaliandika hapa.

---

Kitinda alikuja.

Sikutegemea. Nilikuwa nimekaa masijala peke yangu, nesi wa miwani pembeni yangu, nikamwona anaingia na Bibi mkononi. Alikuwa amefumua nywele zote.

Karani akampa fomu ya maelezo. Akaandika jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya mama. Akaharibu karatasi ya kwanza, akapewa ya pili.

Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Bima walituita mara nne. Mume wangu alipewa onyo kazini na kadi zetu zikasimamishwa miezi sita. Ofisi ya vizazi walitaka barua, mashahidi, kiapo mbele ya wakili. Kitinda na mama walihojiwa, wakatakiwa kurejesha gharama yote ya matibabu kidogo kidogo. Mpaka leo wanarejesha.

Na mchumba? Aliambiwa na Kitinda mwenyewe. Aliondoka bila kugombana. Miezi inakwenda sasa, hajarudi. Nasikia alisema mtoto si tatizo, tatizo ni kwamba hajui tena anayeongea naye ni nani.

Mama haongei na mimi. Nikipiga simu, anampa Bibi.

Bibi siku hizi ananiita Mamkubwa. Anamwita Kitinda mama, wanaishi chumba kimoja, na Kitinda anasuka nywele za watu barazani kumlea.

Mimi nilipasuliwa baadaye, kwa faili langu. Jalada lilikuwa jipya, na juu yake nesi wa miwani aliandika kwa kalamu nyekundu: MZIO – PENISILINI. Nilipoteza damu nyingi mezani, niliongezewa chupa mbili. Damu ya kundi O.

Daktari alikuja wodini akasema, "Hata faili lingesema B, tungekupima tena kabla ya kukuongezea, ni lazima. Lakini siku ya dharura, usiombe maisha yako yategemee mtu kukumbuka kupima."

Nilidhani yameisha.

Wakili aliyetuandikia kiapo ndiye aliyenishauri. "Nenda mtandao wa simu, waulize ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako."

"Nina mbili, naijua hesabu yangu."

"Nenda tu."

Nikaenda. Msichana wa kaunta akaandika namba ya kitambulisho changu, akasubiri, akageuza kompyuta nione.

Laini tano.

Mbili zangu. Moja nikaitambua, ya Kitinda, aliitumia enzi zile za chumba cha nyuma. Ya nne ni ya mama. Alikwenda na kopi yangu ya pili kwa wakala wa barabarani, yule wa mwavuli, akasajili zote mbili, na kopi akamwachia wakala.

Ya tano ilisajiliwa na wakala huyohuyo, wiki mbili baada ya ile ya mama.

Si mama. Si Kitinda. Niliwauliza wote, na safari hii niliwaamini.

Nikaipiga palepale kaunta. Ikaita mara mbili. Akapokea mwanamke, sauti tamu, ya kibiashara.

"Haloo, karibu mteja."

"Samahani, naongea na nani?"

Akataja majina yangu matatu. Kwa mpangilio. Bila kusita.

Simu ikanitoka mkononi. Msichana wa kaunta akaiokota, akasikiliza, akanitazama, akaanza kuifunga ile laini hapohapo huku yule mwanamke bado anasema haloo, haloo...

Niliandikisha taarifa polisi siku hiyohiyo. Uchunguzi unaendelea, na mwanamke yule mpaka sasa sijui ni nani, wala sijui amewaahidi watu wangapi nini kwa jina langu.

Wapendwa mliosoma mpaka hapa, sina cha kuwafundisha zaidi ya haya niliyojifunza kwa ngozi yangu.

Ukitoa kopi ya kitambulisho, chora mistari miwili katikati, uandike tarehe na kazi yake: "Kwa ajili ya kikundi tu." Kibandani kwangu sasa natoa kalamu bure kwa kazi hiyo. Usimwachie wakala kopi. Kadi ya bima usimwazime mtu, hata awe anakufa. Mpeleke wewe, ukamsimamie kwa jina lake. Kaulize laini zako mara moja moja. Ukienda hospitali, omba usomewe faili lako kabla hujalala kitandani.

Na ukiombwa kopi na mtu wa damu yako, mpe. Lakini muulize ya nini, halafu kaulize na huko anakoipeleka. Atanuna siku mbili.

Mama yangu angenuna siku mbili, leo tungekuwa tunaongea.